Kukaa Ughaibuni Kunaanzia Ofisi ya Sekta

Tarehe 8 Aprili 2022, jijini Nairobi, Rais Félix Tshisekedi alitia saini mkataba wa kuiingiza Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Tarehe 11 Julai mwaka huohuo hati ya kuridhia ikawasilishwa Arusha na uanachama ukakamilika. Kinshasa iliipokea kama habari ya siasa na biashara. Kusini mwa mkoa wa Maniema ilipokewa kama habari ya ndugu. Njia inayotoka Kasongo, ikapita Kabambare na kuteremka hadi ziwa Tanganyika kuelekea Ujiji, ilikanyagwa na misafara kabla nchi hizi hazijawekewa mipaka, na Tippu Tip alipoweka makao Kasongo miaka ya 1870 hakuna aliyemuuliza kibali. Ndiyo maana wengi waliielewa saini ile kwa namna moja tu: sasa mtu anaweza kwenda kukaa Kigoma, Kampala au Nairobi kama walivyofanya mababu.

Kuhusu kwenda, hawakukosea. Kuhusu kukaa, walikosea sana.

Itifaki ya Soko la Pamoja ya Jumuiya, inayotumika tangu tarehe 1 Julai 2010, ina ibara zenye vichwa vitamu: uhuru wa watu kusafiri, uhuru wa wafanyakazi, haki ya kuanzisha shughuli, haki ya ukaazi. Anayesoma vichwa peke yake atafunga mizigo kesho. Lakini haki ya ukaazi inayotajwa katika ibara ya 14 inafuata kazi au shughuli inayotambuliwa, na ibara hiyohiyo, katika kifungu kidogo cha 7, inasema kwamba mambo ya ukaazi wa kudumu yataongozwa na sera na sheria za kila nchi. Hakuna kadi ya ukaazi wa kudumu ya Afrika Mashariki. Haijawahi kuwapo, na anayekuuzia anakuibia.

Kilichobadilika kweli ni viza. Tanzania na Kongo ziliondoleana viza Julai 2023, Kenya ikafuata Septemba ya mwaka huo, Uganda Januari 2024. Huo ni unafuu mkubwa kwa mfanyabiashara wa vitenge anayekwenda Kigoma na kurudi, au kwa familia inayompeleka mgonjwa hospitali ya Nairobi. Mwenye pasipoti ya nchi mwanachama hupigwa muhuri wa matembezi, na kwa kanuni za Itifaki muda wake unaweza kufika miezi sita. Muhuri huo unampa mtu ruhusa ya kuwapo. Haumpi ruhusa ya kuajiriwa wala kufungua duka, na miezi sita mara mbili haizai mwaka wa ukaazi.

Kwa Tanzania, anayetaka zaidi ya matembezi anaomba kibali cha ukaazi: daraja A kwa mwenye mtaji anayejiendeshea shughuli, daraja B kwa aliyeajiriwa, daraja C kwa mwanafunzi, mmisionari, mtafiti na wengineo. Vyote ni vya muda, navyo vinahuishwa au vinakwisha. Na tangu tarehe 28 Julai 2025 mlango wa biashara ndogo umebanwa zaidi. Agizo la Serikali la siku hiyo linawakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara, zikiwamo biashara ya rejareja na ya jumla (isipokuwa maduka makubwa ya kisasa), saluni, ufundi wa simu, huduma za fedha za simu na uchimbaji mdogo wa madini. Ukiitazama orodha hiyo kwa macho ya kijana wa Kabambare, utaona kwamba karibu kila kazi ambayo mgeni asiye na mtaji angeanzia imo ndani yake. Adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 10, au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali.

Kabla ya kuilaumu Tanzania, msomaji wa Kasongo akumbuke kwamba Kongo nayo ilifunga mlango huohuo zamani. Amri yenye nguvu ya sheria ya Agosti 1990 inawahifadhia Wakongomani biashara ndogo, na Kanuni ya Madini ya mwaka 2002 inawaruhusu Wakongomani peke yao kupata kadi ya mchimbaji wa mikono. Mtanzania anayekwenda Salamabila kuchimba dhahabu kwa sululu yuko katika hali ileile ya Mkongomani anayefungua saluni Kigoma. Anaweza kuvumiliwa miaka mingi, akajenga, akaoa, na siku moja akakumbushwa na afisa wa DGM, idara ya uhamiaji ya Kongo, kwamba alikuwa anavumiliwa tu.

Swali linalofuata huwa hili: basi mtu akae miaka mingapi hadi awe Mtanzania? Sheria ya Uraia ya Tanzania ya mwaka 1995 inataka mwombaji awe amekaa nchini miezi 12 mfululizo kabla ya kuomba, na kabla ya hiyo, jumla ya miaka saba ndani ya kipindi cha miaka kumi. Inataka tabia njema, na inataka ujuzi wa kutosha wa Kiswahili au Kiingereza. Sharti la lugha Mbangubangu wa Kabambare atalipita bila kutoa jasho, hata kama afisa atatabasamu kidogo akisikia Kingwana, Kiswahili cha Kongo. Sharti linaloumiza ni jingine: lazima aukane uraia wake wa kwanza. Hilo lina matokeo yake huku nyumbani, na tutalifikia.

Kenya ina kitu ambacho Tanzania haina kwa mgeni wa kawaida, yaani ukaazi wa kudumu ulio ngazi ya katikati kati ya kibali na uraia. Chini ya sheria ya mwaka 2011, aliyeshika kibali cha kazi kwa miaka saba na kukaa nchini mfululizo miaka mitatu ya mwisho anaweza kuomba. Mume au mke wa raia anaweza kuomba baada ya miaka mitatu ya ndoa. Uganda nayo ina cheti cha ukaazi kwa aliyekaa miaka kumi, ilhali uraia wa kuandikishwa unadai miaka 20. Hesabu hizi ni ndefu, lakini zina mwisho unaojulikana, na mtu anayejua mwisho wake anaweza kupanga maisha.

Mkimbizi hana bahati hiyo, na wakimbizi ndio wengi katika habari hii. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani waliovuka ziwa wakati vita vya kumng'oa Mobutu vilipoanza. Lugufu ilifuata mwaka 1997 na kufungwa mwaka 2009, waliobaki wakahamishiwa Nyarugusu. Wengi wao ni wa Fizi na Uvira, lakini Kabambare inapakana na Fizi, na vita havikusimama kwenye mpaka wa mkoa. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka ilipofunguliwa ni mtu mzima leo, pengine mwenye watoto wanaosoma. Je, miaka yote hiyo inahesabiwa?

Kwa utaratibu unaofuatwa, haimfikishi popote. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 inamweka mkimbizi kambini na kumtaka awe na ruhusa akitaka kutoka. Hadhi aliyo nayo ni ya ulinzi, si ya ukaazi. Tanzania imewahi kuvunja ukuta huo, na kwa ukarimu ambao nchi chache duniani zimeufikia: mwaka 2014 Warundi wapatao 162,000 wa kizazi cha wakimbizi wa 1972 walipewa uraia. Lakini ule ulikuwa uamuzi maalumu wa serikali, kwa kundi maalumu. Wakongomani wa Nyarugusu hawajapata mpango kama huo, na haifai mtu ajenge matumaini yake juu ya mfano wa jirani.

Kuna jambo moja hapa ambalo wanasheria hupenda kulibishania. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Uraia ya Tanzania, kikisomwa kama kilivyoandikwa, kinamhesabu kuwa raia kila aliyezaliwa nchini baada ya Muungano, ukiwatoa watoto wa wanadiplomasia na wa maadui wakati wa vita. Kwa maneno hayo, maelfu ya watoto wa Nyarugusu wangekuwa Watanzania tangu kilio cha kwanza. Ofisi hazikisomi hivyo. Kiutendaji, mzazi mmoja lazima awe raia. Mkimbizi asiye na wakili asijaribu kukisimamia kifungu hicho peke yake mbele ya afisa wa kaunta. Ni hoja ya mahakama kuu, na wa kuipeleka huko bado anasubiriwa.

Uganda ilipitia ubishi kama huo hadi ukatolewa uamuzi. Mwaka 2015 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo ilisema kwamba mkimbizi hawezi kupata uraia kwa njia ya kusajiliwa, lakini hazuiwi kuomba kwa njia ya kuandikishwa akitimiza masharti. Mlango upo katika karatasi. Wanaoupita ni wachache mno. Hata hivyo sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kutembea na kufanya kazi, na kwa maisha ya kila siku hiyo ina uzito kuliko ahadi ya uraia. Kenya imeenda hatua ya pekee: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2021 inamruhusu mkimbizi anayetoka nchi ya Jumuiya kuacha kwa hiari hadhi ya ukimbizi ili anufaike na haki za Itifaki. Kwa Mkongomani hilo linasikika vizuri. Ushauri wa safu hii ni kusita kidogo. Hadhi ya ukimbizi inamkinga mtu asirudishwe anakokimbia; kibali cha kazi hakimkingi hivyo. Anayeiacha ahakikishe kwanza kwamba kibali kingine kiko mkononi, si kwenye foleni.

Sasa Marekani, ambayo ndiyo inayoulizwa na wasomaji kuliko nchi zote.

Tangu mpango mkubwa wa kuwahamisha Wakongomani wa Maziwa Makuu uanze mwaka 2012, na hasa baada ya Nyarugusu kuingizwa katika mpango wa kuhamishwa kwa kundi mwaka 2015, familia nyingi zenye mizizi Fizi na Kabambare zimepanda ndege. Katika mwaka wa bajeti wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi takriban 100,000, na karibu 20,000 kati yao walitoka Kongo, wengi kuliko nchi nyingine yoyote. Mtu aliyeingia kwa njia hiyo si mgeni wa kubahatisha. Sheria inamtaka aombe ukaazi wa kudumu, ile inayoitwa grini kadi, baada ya kukaa mwaka mmoja. Ombi hilo kwa mkimbizi halilipiwi ada ya serikali. Kadi ikitoka, ukaazi wake unahesabiwa kurudi nyuma hadi siku aliyotua, na ndiyo maana anaweza kuomba uraia akitimiza miaka mitano tangu kuwasili, asingoje mitano mingine tangu apate kadi. Wapo wanaokaa miaka minne bila kuomba kadi kwa kudhani itawafuata kwa posta. Haiwafuati.

Mengi yalitikisika mwaka 2025. Tarehe 20 Januari Rais Donald Trump alitia saini amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi, na safari zilizokwisha kukatiwa tiketi zikafutwa. Kesi iliyofunguliwa Seattle mwezi uliofuata iliongozwa na mkimbizi Mkongomani aliyekuwa Nairobi, aliyeuza vitu vyake vya nyumbani akijiandaa kusafiri na mkewe na mtoto mchanga. Jaji Jamal Whitehead aliizuia amri hiyo Februari 25. Mahakama ya rufaa ikaupunguza uamuzi wake mwezi Machi, ukabaki kuwalinda kimsingi wale waliokuwa wamekubaliwa kabla ya Januari 20. Kwa mwaka wa bajeti wa 2026 kikomo kiliwekwa wakimbizi 7,500, na sehemu kubwa wakatengewa makaburu wa Afrika Kusini. Novemba 2025 idara ya uhamiaji iliamuru kupitiwa upya faili za wakimbizi walioingia tangu Januari 2021, na maombi yao ya grini kadi yasimamishwe. Aliye katika kundi hilo asitupe karatasi yoyote, asihame bila kutoa taarifa ya anwani mpya, na asimwachie jirani mwenye Kiingereza kizuri kazi ya wakili.

Hapo ndipo yanapokuja maswali ya familia, na hapa sheria ya Marekani na desturi za Kasongo zinagongana uso kwa uso. Mkimbizi aliyefika ana miaka miwili ya kumwombea mwenzi wake na watoto wake wasiooa wala kuolewa walio chini ya miaka 21. Baba, mama, dada na kaka hawamo. Uhusiano lazima uwe ulikuwapo kabla ya mwombaji kuingia Marekani. Aliyeoa baadaye anatumia njia nyingine iliyo ndefu zaidi. Mji wa Kasongo una Waislamu wengi kuliko sehemu kubwa ya Kongo, na ndoa ya wake wawili haishangazi mtu kule. Marekani inamtambua mke mmoja tu, na mtu anayekusudia kuendelea na mitala ndani ya nchi hiyo anakataliwa ukaazi. Kumtaja mke wa pili kama dada, kama wanavyoshauri baadhi ya wajuaji wa mitaani, ni uongo ambao adhabu yake inaweza kuwa kufungiwa nchi maisha. Nikahi ya simu, bwana harusi akiwa Texas na bibi harusi Kasongo, nayo haihesabiwi hadi wanandoa wakutane na kuishi kama mume na mke baada ya ndoa.

Zito zaidi ni suala la mtoto wa ndugu. Vita vimeacha mayatima wengi, na katika Maniema mtoto wa marehemu kaka hatambulishwi kwa maelezo marefu: ni mwanangu. Mwaka 2008 Marekani iliwapima vinasaba waombaji wa mpango mmoja wa kuunganisha familia jijini Nairobi, wengi wao Wasomali na Waethiopia, na sehemu kubwa ya uhusiano uliodaiwa haikuthibitika. Mpango mzima ukafungwa hadi mwaka 2012. Wengine walikuwa wadanganyifu kweli. Wengine walikuwa wajomba na mama wadogo waliosema kwa lugha ya nyumbani kile ambacho fomu iliuliza kwa lugha ya damu. Dawa yake ni hukumu ya mahakama ya kuasili mtoto, ipatikane kabla mtoto hajatimiza miaka 16, na kusema wazi tangu fomu ya kwanza kwamba huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu ninayemlea.

Karibu kila tatizo lililotajwa hadi sasa linarudi mahali pamoja: karatasi ya kuzaliwa na karatasi ya ndoa. Na karatasi hizo hazitoki ubalozini. Zinatoka kwa ofisa wa état civil, yaani mwandikishaji wa vizazi na ndoa, wa sekta au wa mji.

Kanuni ya Familia ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987 kama ilivyorekebishwa Julai 2016, inampa mzazi siku 90 za kumwandikisha mtoto. Ndoa ya kimila, ile ya mahari na wazee, inatakiwa kupelekwa kuandikishwa ndani ya mwezi mmoja. Ni nani anayefanya hivyo? Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2013–2014 ulikuta kwamba robo tu ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano waliandikishwa. Kwa mama wa kijiji cha ndani, wilaya ya Kabambare, ofisi iko mwendo wa siku nzima au zaidi, njia ikiwa na mto usio na daraja na pengine kizuizi cha watu wenye bunduki. Kinachodaiwa kwenye kaunta mara nyingi hakimo katika sheria. Halafu vita: tangu maasi ya Simba ya 1964 hadi Mai-Mai Malaika wa Salamabila, ofisi za dola zimekuwa miongoni mwa vitu vya kwanza kuvamiwa. Daftari likichomwa, kijiji kizima kinazaliwa upya bila tarehe.

Ndiyo sababu Wakongomani wengi kambini wana tarehe ya kuzaliwa ya Januari 1. Mwandikishaji aliuliza mwaka, akapata mwaka, akajaza siku mwenyewe. Mtu akitoa baadaye cheti cha Kasongo chenye tarehe 14 Agosti, afisa wa uhamiaji haoni usahihi ulioongezeka. Anaona watu wawili. Majina nayo ni hivyohivyo. Aliyezaliwa kabla ya mwaka 1972 alikuwa na jina la ubatizo, Mobutu akaliondoa kwa siasa ya authenticité, ya kurudi kwenye majina ya asili, akapewa postnom, yaani jina la asili la nyongeza, kisha baada ya 1990 akalirudisha la ubatizo. Fomu ya Marekani haina kisanduku cha postnom. Familia moja inaweza kutoka Nyarugusu ikiwa na koo nne, na watoto wa tumbo moja wasiofanana hata herufi.

Aliyekosa kuandikishwa hajapotea. Njia halali ni jugement supplétif, yaani hukumu ya mahakama inayoziba pengo la cheti kwa ushahidi wa watu na wa nyaraka kama kadi ya ubatizo, kadi ya kliniki ya mtoto au cheti cha shule. Kwa msingi wa hukumu hiyo ofisa wa état civil anaandika cheti katika daftari la mwaka unaoendelea. Vitu viwili viende pamoja, hukumu na cheti. Kimoja bila kingine hukataliwa. Na viwahi. Hukumu iliyotolewa wiki mbili kabla ya mahojiano ya ubalozi inazaa maswali hata kama kila neno ndani yake ni kweli. Iliyotolewa miaka mitano kabla, kwa ajili ya mtihani wa shule, haiulizwi mengi.

Kadi ya mpiga kura, ambayo Wakongomani wengi wanaitumia kama kitambulisho kwa kukosa kadi ya uraia, haithibitishi uzazi wala uraia mbele ya nchi nyingine. Inasaidia kuomba pasipoti, basi. Pasipoti yenyewe iligharimu dola 185 wakati wa mkataba na kampuni ya Semlex, ikashuka hadi dola 99 mwaka 2020. Ukiongeza safari ya kutoka Kabambare hadi Kindu kutafuta huduma, gharama inapanda zaidi.

Lile la kukana uraia tuliliahirisha. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 10, inasema uraia wa Kongo ni mmoja na hauchangamani na mwingine wowote. Sheria namba 04/024 ya tarehe 12 Novemba 2004 inasema anayepata uraia wa nchi nyingine anaupoteza wa Kongo. Hapa watu wanachanganya mambo mawili. Grini kadi ya Marekani au ukaazi wa kudumu wa Kenya hauondoi uraia wa Kongo. Mwenye kadi anabaki Mkongomani mwenye haki zote. Kiapo cha uraia ndicho kinachoukata. Wakubwa wameishi na kanuni hii kwa namna yao: mwaka 2007 Bunge liliwapa wabunge wake wenye uraia wa nje muda wa kujirekebisha, na Moïse Katumbi, ambaye mwaka 2018 serikali ilidai amepoteza uraia kwa sababu ya uraia wa Italia, alipita kwenye Mahakama ya Katiba mwaka 2023 akagombea urais. Mtu wa kawaida hatapewa subira hiyo.

Hasara yake kubwa haiko kwenye sanduku la kura, iko kwenye kiwanja. Sheria ya ardhi ya mwaka 1973 inaifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na umilikaji wa kudumu, concession perpétuelle, ni wa mtu raia wa Kongo peke yake. Mgeni anapata umilikaji wa muda. Kijana wa Ohio anayejenga nyumba Kasongo kwa ajili ya uzee wake, akisha kula kiapo cha Marekani, ajue kwamba msimamo wake wa kisheria juu ya kiwanja kile umebadilika, hata kama ndugu wote wanaendelea kumwita mwenye nyumba. Kabla ya kiapo, azungumze na mtu wa cadastre, ofisi ya viwanja, na mthibitishaji wa hati. Baada ya kiapo atakuwa anaomba.

Hata mwenye kadi tu ana mitego yake. Mkimbizi anayerudi Kabambare kumzika mama yake kwa pasipoti ya Kongo anawapa maafisa sababu ya kuuliza kama kweli anaogopa nchi hiyo. Hati ya kusafiria ya mkimbizi iliwekwa kwa ajili ya safari za nje, na hata nayo safari ya nchi aliyoikimbia inahitaji ushauri wa wakili kwanza. Mwenye grini kadi anayekaa nje ya Marekani zaidi ya mwaka bila kibali cha kurudi anaweza kuhesabiwa kuwa ameuacha ukaazi wake.

Madalali hawahitaji aya ndefu. Kuhamishwa na UNHCR hakulipiwi, katika hatua yoyote, kwa mtu yeyote. Deni la nauli analosaini msafiri kwa IOM, shirika la uhamiaji, halina riba, na linaanza kulipwa miezi kadhaa baada ya kufika, si kabla. Anayeuza nafasi katika faili la familia nyingine anauza kosa ambalo mnunuzi atalibeba maisha yake yote, na faili lile litafunguliwa tena siku ya kuomba grini kadi na tena siku ya kuomba uraia.

Kwa hiyo msomaji wa Kasongo au Kabambare mwenye mtoto wa chini ya siku 90 nyumbani, hata kama hakuna katika ukoo wake anayewaza kuvuka ziwa, aende wiki hii kwenye ofisi ya sekta akamwandikishe, kwa majina yaleyale yatakayotumika shuleni, na adai nakala ya cheti. Ndani ya siku hizo kuandikisha ni bure.